Gunia Moja la Maharage: Mwongozo Kamili wa Wokovu Unaoonekana kwa Majirani

Ukiuliza sokoni kwetu hapa Mwanza nani ameokoka, utaonyeshwa wengi. Kuna mwenye stika ya "Damu ya Yesu" mlangoni, kuna anayemwita kila mteja "mpendwa", kuna ambaye redio yake haijawahi kuimba kitu kingine zaidi ya injili tangu mwaka uanze. Sasa uliza swali la pili: nani ukimkopesha huhitaji kumkumbusha? Hapo watu watajikuna kichwa kwanza. Mimi ni wa stika na redio, nauza nafaka mwaka wa kumi na nne huu, na siku nilipolisikia swali hilo likiulizwa kwa utani kwenye genge la chai, jina langu halikutajwa.

Mwongozo huu unahusu kitu kimoja tu, ambacho walokole wa zamani walikiita kutengeneza: kumwendea mtu uliyemkosea, kusema ulichofanya, na kurudisha kilicho chake. Maombi, mifungo na uimbaji vina walimu wake.

Neno "mlokole" siku hizi ni la kutaniana, lakini lina asili yake. Limetoka kwenye Kiganda, balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1929, pale Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akitibu watu huko Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha Gahini na kuhubiri toba hadi alipofariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Kutoka huko uamsho ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Kagera. Makanisa yalikuwepo tayari, na wabatizwa walikuwa tele. Kilichowashtua majirani ni kuona mtu anarudi kwa mwajiri wake wa zamani na kitu alichoiba, au anavuka mlima kwenda kulipa deni ambalo mdai alishalisahau. Bibi yangu, ambaye hakuwa mlokole na aliwaona wasumbufu kidogo, alikuwa akisema kuhusu mmoja wao: "Yule anachosha, lakini mwachie ufunguo."

Hatua ya kwanza: daftari

Tafuta jioni moja ambayo hakuna mgeni. Chukua daftari la kawaida, si simu, maana simu itakuletea meseji katikati ya toba. Gawa ukurasa sehemu tatu: ninachodaiwa, nilichochukua isivyo haki, na nilichoahidi nisitimize.

Usitegemee kumbukumbu peke yake. Kichwa cha binadamu kinakumbuka vizuri sana madeni ya wengine. Fungua meseji za miamala, rudi nyuma hata mwaka mzima, uone nani alikutumia pesa na kwa sababu gani. Fungua WhatsApp utafute maneno "nitakurudishia", "mwisho wa mwezi" na "nivumilie kidogo". Kumbuka michezo ya upatu uliyoiacha baada ya kupokea zamu yako. Kumbuka mwenye nyumba wa nyumba uliyoihama usiku. Kumbuka vitabu, masufuria, ngazi ya jirani.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu mambo yake yana majina mazuri. Safari ya kikazi ya siku mbili uliyoiandika siku nne uliiita "kujiongeza". Bei uliyomtajia mgeni uliiita "biashara". Mimi langu niliita "bahati". Mwaka fulani nilifuata maharage kwa tajiri mmoja wa jumla, magunia kumi. Makuli wakapakia kumi na moja. Nilihesabu nikiwa nimekaa mbele karibu na dereva, kwenye kioo cha pembeni, na nikamwambia dereva twende. Gunia lilikuwa shilingi 170,000 wakati huo. Jumapili yake nilitoa sadaka ya shukrani, naona aibu kuandika, lakini nilitoa.

Andika kila kitu kwa jina lake halisi. "Niliiba gunia la maharage" ni maneno manne tu na yalinichukua karibu saa nzima.

Hatua ya pili: nani aambiwe

Hapa wengi huharibu, na walokole wenyewe walilaumiwa kwa hili. Kuna waliosimama mbele ya watu wakaungama mambo yaliyowahusu wengine ambao hawakuombwa ruhusa. Kanuni ninayoifuata ni hii: toba iende hadi pale madhara yalipofika, isiishie njiani wala isipite mpaka. Ulichomwazia mtu moyoni naye hajui, malizana na Mungu. Ukienda kumwambia "nilikuwa nakuchukia miaka mitatu, naomba unisamehe", wewe unatua mzigo na yeye anaubeba. Ulichomfanyia mtu mmoja, mwambie huyo mmoja. Ulichosema kwenye kikao cha ukoo, kirudie kwenye kikao cha ukoo.

Mambo mawili yanahitaji tahadhari zaidi. Kama ulichofanya ni kosa la jinai kubwa, ongea kwanza na mwanasheria na mchungaji mwenye busara, ujue unaingia wapi, kisha uende. Na kama ulimdhuru mtu mwilini, hasa mwanamke au mtoto, usimtokee nyumbani kwake ati umekuja kutengeneza. Kukuona tu kunaweza kumrudisha kule. Jisalimishe kwa vyombo vinavyohusika, na ujumbe wa toba upitie kwa mtu anayemwamini, kama yeye mwenyewe anautaka.

Hatua ya tatu: hesabu

Watu wanamkumbuka Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne katika Luka 19, wanaogopa, wanaacha kabisa. Zakayo aliahidi kwa furaha yake. Torati ina ngazi. Mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza alirudisha wanne, wa ng'ombe watano, hiyo ni Kutoka 22. Lakini yule ambaye hatia imemwamsha mwenyewe, Walawi 6 na Hesabu 5 zinamwambia arudishe kitu kizima na aongeze sehemu ya tano. Ulichukua 50,000, unapeleka 60,000. Ni hesabu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia akijipanga.

Bei zikiwa zimepanda, tazama mwenye mali alipoteza nini. Gunia langu la 170,000, ukiweka sehemu ya tano, linakuwa 204,000. Lakini siku nilipokwenda gunia la maharage yale yale lilikuwa 260,000. Nikapeleka 260,000. Kumpa mtu pesa isiyonunua gunia na kusema umemrudishia gunia ni wizi wa mara ya pili, safari hii wenye maandiko.

Mdai akiwa amefariki, peleka kwa warithi, na wajue zaidi ya mmoja, la sivyo utakuwa umepanda ugomvi kwenye msiba wa watu. Kampuni au ofisi, lipa kwa mhasibu na udai risiti. Asipojulikana kabisa, kama wale wateja wote niliowapunjia kilo, Hesabu 5 inasema pasipokuwa na ndugu wa kupokea, malipo ni ya Bwana kwa kuhani. Mimi niliweka kiasi kwa mwezi nikawalipia wagonjwa wasiojiweza dawa dirishani, bila kusema ni nani.

Huna pesa? Basi una mpango. Nenda bado, useme deni unalijua, taja kiasi utakacholeta na tarehe, kisha ulete. Shilingi 10,000 kila Ijumaa kwa mwaka mmoja inafika 520,000, na mdai atakuwa amekuona mara hamsini na mbili. Hapo ndipo imani yako inapoonekana, kwenye Ijumaa ya mvua ambayo ungeweza kusingizia mafuriko.

Na neno kuhusu sadaka, najua litawakera baadhi. Yesu katika Mathayo 5 alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale, uende kwanza. Katika Marko 7 aliwakemea waliotamka "Korbani", yaani imetolewa wakfu kwa Mungu, juu ya mali iliyopaswa kuwatunza wazazi wao. Ahadi kubwa ya jengo la kanisa huku fundi aliyekujengea uzio hajalipwa ni Korbani ya kisasa. Mwambie mchungaji wako wazi, "Mwaka huu nalipa madeni." Mchungaji mzuri atakuombea. Mwingine atakuwekea sura, na hapo pia umejifunza kitu.

Hatua ya nne: mlangoni kwake

Nenda mwenyewe. Meseji ni kwa aliye mbali sana, na hata huyo mpigie. Chagua saa ambayo hana wateja wengi wala wageni. Pesa iwe kwenye bahasha, imehesabiwa. Usiende na ndugu watatu wa kanisani kama posa.

Maneno yawe machache, na neno "kama" likae mbali. "Kama nilikukosea, nisamehe" haijakiri chochote. Wala usieleze hali ngumu uliyokuwa nayo wakati ule. Akitaka kujua atauliza. Sema ulichofanya, sema kilikuwa kibaya, toa ulicholeta, omba msamaha, nyamaza. Usimhubirie. Hujaenda kumvuna, umeenda kulipa.

Kwangu ilikuwa hivi. Yule tajiri nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo, amevaa kanzu, kavua kofia, anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Leo unachukua ngapi?"

"Leo sichukui. Nimekuja kukulipa. Mwaka ule wa mvua nyingi nilinunua kwako gunia kumi, wakanipakia kumi na moja. Niliona. Nikaondoka nalo. Nilikuibia, mzee. Hii ni bei ya leo. Naomba unisamehe."

Akakiweka kikombe chini. Hakuigusa bahasha. Alinyamaza mpaka nikaanza kuwaza kuongeza maneno, na nashukuru sikuongeza.

"Mwezi wa nne?" akauliza.

"Wa nne au wa tano."

"Nilimfukuza kijana kwa gunia hilo," akasema.

Sikuwa nimeliandika hilo kwenye daftari. Nisingeweza. Kwa hiyo acha nafasi chini ya kila jina, kwa sababu dhambi ina matawi ambayo mwenye nayo hayaoni. Ukiambiwa jambo usilolijua, usijitetee kwamba hukukusudia. Uliza, "Nimpate wapi?"

Jambo jingine kuhusu mlangoni: anaweza kukataa kukusamehe. Ana haki hiyo. Anaweza kukusimulia kwa watu, anaweza kukucheka. Ulichoenda kufanya kimeshafanyika. Na akiirudisha pesa akisema "mwachie Mungu", sukuma mara moja kwa heshima. Akikataa tena, mshukuru, ichukue, uipeleke kwa mwenye shida.

Hatua ya tano: daftari lisijae tena

Madeni ya zamani yana mwisho. Kazi kubwa ni ya kila siku, na kila kazi ina mlango wake wa kuvujisha. Nitaeleza wa kwangu kwa undani, wewe utautafuta wa kwako.

Kwenye nafaka kila kitu kiko kwenye kipimo. Kuna sado, lile kopo la kupimia, lililobonyezwa tako kwa ndani. Ukilitazama kwa juu limejaa, lakini ukiweka kiganja chini unakuta shimo. Kuna debe linalomwagiwa mchele taratibu kutoka juu ili usishikane, ukitikisa tu unashuka vidole viwili. Kuna mzani wa kidijitali ambao haukurudishwa sifuri, bakuli linahesabiwa kama mchele. Kuna mzani wa mawe ambao jiwe la kilo limechimbwa chini, na tundu likazibwa kwa nta. Na upande wa mkulima kuna lumbesa, lile gunia lenye kilemba, ambalo sheria imekataza lakini bado linashonwa usiku shambani: mkulima anauza gunia moja, mnunuzi anaondoka na moja na theluthi. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," Mithali 11 inaanza hivyo, na sijawahi kusikia mahubiri yake sokoni ingawa tunahubiriwa kila Jumatano kwa kipaza sauti.

Nilichofanya: niliyatupa makopo yote, nikanunua mzani mmoja. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani kila mwaka na kuweka alama. Sisubiri wanifuate, naupeleka. Namgeuzia mteja kioo cha mzani akisome mwenyewe, na bakuli naliweka kabla ya kuwasha au kubonyeza sifuri mbele yake. Pembeni kuna mfuko wa kilo moja ya chumvi ambao haujafunguliwa, mteja mwenye shaka aupime. Kwa mkulima nanunua kwa kilo, simshonei kilemba. Faida ilipungua miezi ya mwanzo na nisikudanganye kwamba yote ilirudi.

Mengine nitayapitia haraka. Muamala ukikuingilia kwa makosa, usiutumie hata kama una shida. Lakini usimtumie tu anayekupigia akilia, maana matapeli nao wanalia. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako waurudishe wao kwa aliyekosea. Chenji isiyopatikana usiigeuze pipi. Iandike, jina na kiasi. Kibarua mlipe siku ile ile kabla jua halijazama, Kumbukumbu la Torati 24 inasema anautazamia ujira huo kwa moyo wake wote, na wewe unajua bei ya unga. Dada wa kazi ana mshahara, ana tarehe, ana siku ya kupumzika. Nyumba inayofunga na kuomba huku binti wa watu anadai miezi mitatu majirani wanaijua yote, maana anawasimulia dukani. Na wewe fundi wa cherehani, "njoo kesho" uliyoisema mara tano ni uongo mara tano. Zaburi 15 inamsifu aliyeapa kwa hasara yake wala habadili maneno yake. Sema Jumamosi, iwe Jumamosi, ukeshe.

Rushwa inataka maandalizi zaidi kuliko ujasiri. Mtu hutoa "ya chai" kwa sababu amechelewa na karatasi zake pungufu. Anza mapema, miezi miwili kabla leseni haijaisha. Peleka viambatisho vyote na nakala ya ziada. Omba kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, lipa huko, tunza risiti. Ukidokezwa, uliza kwa upole kama unauliza jambo la kawaida, "Malipo hayo nitapewa risiti?" Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Yasipoishia, utachelewa, na duka linaweza kufungwa wiki. Weka akiba ya hiyo wiki kama unavyoweka ya ada. Na wewe mwenye meza ya ofisi, hii sentensi ni yako pia.

Hatua ya sita: watu wawili

Peke yako utachoka kufikia mwezi wa tatu. Tafuta wawili mnaolingana kwa umri na shughuli, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, mkutane nusu saa kwa wiki. Walokole waliita kutembea nuruni. Sisi tunakutana Alhamisi nyuma ya banda la viazi, na maswali ni matatu: nani hujamlipa, nani umemdanganya, nani unamkwepa njia. Anayejibu halindwi wala hahukumiwi. Yanayosemwa yanabaki pale. Siku moja mwenzetu mmoja alijibu swali la tatu kwa kututazama sisi wawili, tukachelewa kufungua maduka.

Usitangaze unachofanya. Usipige picha ya bahasha wala kuiweka kwenye status. Mtu akikuuliza kwa nini umebadilika, mjibu kwa sentensi moja ya kweli. Sokoni kwangu mwanzoni waliouliza walikuwa Waislamu, ambao neno amana wanalijua vizuri, na mmoja aliniambia nimechelewa.

Hatua ya saba: matawi

Yule kijana nilimpata baada ya wiki sita. Sasa anaendesha bajaji. Nilikuwa nimejiandaa na hesabu: mshahara wake wa stoo ulikuwa kiasi gani, alikaa miezi mingapi bila kazi, nimekusanya nusu na nusu nitaleta kila Ijumaa. Alinisikiliza injini ikiwa inawaka.

"Pesa nitachukua," akasema. "Lakini mama yangu alikuwa anaogopa kwenda kwenye chama chao cha kina mama. Walikuwa wanamwita mama mwizi."

Nikakumbuka kanuni yangu mwenyewe, toba iende hadi pale madhara yalipofika. Nikarudi kwa tajiri. Alikuna kidevu, akauliza huko kwao ni mbali, kisha akavaa kofia.

Jumamosi jioni tulikaa watatu kwenye mkeka uani kwa yule mama, Nyakato ndani ndani huko, na majirani kama kawaida wakapata shughuli za kufanya karibu na uzio. Nilisema langu. Tajiri naye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kijana hakuchukua kitu, yeye ndiye aliyemsingizia, na anaomba radhi.

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Rudia, baba," akasema. "Mke wa jirani alikuwa jikoni, hakusikia."